Marehemu Ana Mafua

Shirin, shoga yangu,

Assalamu alaikum huko uliko. Nakwambia mapema, usije ukasema nimekuvizia: barua hii si ya upole. Nina hasira na mdogo wako Ikbal. Nina hasira na hiyo blogu. Na wewe mwenyewe fungu lako lipo, utalipata humu humu.

Arobaini yako ilipopita nilikwenda kwenye ile kafe ya intaneti ya Ngamiani tuliyokuwa tukienda wote. Nilikwenda peke yangu. Nilitaka kuona Ikbal amewaandikia nini wateja wetu wa achari kwenye hiyo blogu kuhusu msiba. Nilidhani nitakuta tanzia, nitaisoma, nitalia kidogo pale kwenye kiti cha plastiki, kisha nitarudi zangu Nguvumali.

Nikakuta una mafua.

"Wapenzi wangu, nimeamka na mafua leo, lakini achari ya embe iko tayari, agizeni mapema." Imeandikwa hivyo, kwa jina lako, na juu yake ile picha yako ya ushungi wa manjano, unacheka. Tarehe ilikuwa ya juzi yake tu. Nikamwita mwenye kafe, nikamwuliza kama mashine yake imekosea tarehe. Akaitazama, akasema, "Mashine haina kosa, mama."

Shirin, mimi nilikuosha. Mimi na shangazi yako na yule mama mwosha maiti wa Makorora. Nilikushika kichwa maji yakipita kwenye nywele zako. Nililiona lile kovu la kidole ulilolipata kwa kisu cha ndimu, nikalipitishia maji taratibu kama vile bado linauma. Nilikufunga sanda. Halafu nije nisome kwamba umeamka? Umeamka wapi? Marehemu ana mafua!

Nilicheka, Shirin. Watu wa kafe wakageuka. Nilicheka mpaka nikaona machozi yanadondokea meza ya watu, nikalipa, nikatoka.

Wewe wajua biashara ile ilitoka wapi. Ilitoka katika njaa. Ile miaka ya shida, baba yako ana duka Barabara ya Nane na rafu zake zimepangwa viberiti tu, kwa mstari, ili zisionekane tupu. Sabuni ikija, habari zinafika Nguvumali kabla ya lori lenyewe, na mimi natumwa na mama nikapange foleni. Ukichoka kusimama unaweka tofali mahali pako, unakwenda kukaa kivulini, na tofali linakuwa mtu. Mimi nilikuwa na tofali langu, nimelichora alama kwa mkaa. Wewe ulikuwa ndani ya duka, unanichungulia kwa dirisha, unanitolea ulimi. Mlango ukifunguliwa sabuni imekwisha kabla sijafika mbele, na baba yako anashika kichwa, anaapa kwa Mola wake kwamba hana kitu.

Mwaka ule mafuta ya kula yalipopotea kabisa, mama yangu alikuja na ndimu kutoka kwao Muheza, akazitia chumvi na pilipili, akazianika juu ya bati, akazifunika kwa majimaji yake yenyewe. Achari bila tone la mafuta. Tukaila na ugali wa yanga, ule wa mahindi ya msaada ya njano. Ulikuja kwetu siku hiyo, ukala mpaka ukalamba vidole, ukasema, "Kwetu kuna duka na hatuna kitu. Kwenu hamna duka na mnakula." Mama alicheka wiki nzima kwa neno lile.

Kisha ikaja ruksa. Kila kitu kikaingia, kila mtu akafungua duka, na duka la baba yako lililovumilia miaka ya ukame likafa katika miaka ya neema. Akafa na mwenyewe. Wewe ndoa ikakushinda ukarudi kwa mama yako, mimi nimeshafiwa na mume, na siku moja ukaja uani kwangu ukasema, "Mwanaidi, ile achari ya mama tuiuze." Tukaiuza. Sufuria kwangu, kaunta kwenu, mle mle ndani ya duka la marehemu baba yako. Tulikula vizuri mpaka zilipokuja zile achari za ndoo za plastiki kutoka ng'ambo, nyekundu kama rangi ya mlango, bei ya kutupa. Wateja wakatuhama mmoja mmoja, na wengine walikuwa majirani zetu, wanapita na ndoo zao wakitupa salamu!

Hapo ndipo ulipokwenda kujifunza kompyuta, ukarudi na neno blogu. Mimi nikadhani ni jina la ugonjwa.

Sikatai, Shirin, ulikuwa na kipaji. Hukuandika bei. Hukuandika "achari bora kuliko zote" kama wafanyavyo wengine. Uliandika foleni. Uliandika ugali wa yanga na mama mwenye ndimu juu ya bati, na mwisho kabisa mstari mmoja: achari hii ndiyo ile, ukiitaka tuandikie. Watu wa Dar na Arusha wakasoma, waliohamia Maskati wakasoma, kila aliyekulia pwani hii na kuondoka. Wakaandika kwamba wamelia mbele ya kompyuta ofisini. Wakaagiza. Nikawa nafunga chupa kwenye maboksi ya sabuni mpaka kiuno kinakataa, nazipeleka kwenye mabasi, na makondakta wakaja kunijua kwa jina.

Lakini uliandika "mimi." Hapa ndipo lilipo fungu lako, lipokee. "Nilisimama foleni na tofali langu." Tofali lako lipi, Shirin? Wewe hukusimama foleni hata ya maji. "Mama yangu alianika ndimu." Mama yako alikuwa na mtumishi wa kumkatia kachumbari! Nilikwambia. Tulikuwa tumekaa uani, tunamenya vitunguu saumu, nikakwambia jina langu halimo humo hata mara moja. Ukanishika goti ukasema, "Msomaji anataka mtu mmoja wa kumpenda, Mwanaidi. Wakituona wawili watachanganyikiwa. Siku yaja nitakutambulisha."

Siku haikuja. Presha ilikuja kwanza, Rajabu ile, ukaanguka palepale kaunta. Na mimi nikabaki si mtu.

Usinione nasema maneno makali tu. Sikiliza yaliyonikuta.

Baada ya kusoma mafua yako nilikwenda dukani kwa Ikbal. Akanipa shikamoo, akanifungulia soda, akanifutia kiti. Shikamoo ile ndiyo iliyonizidisha. Kijana uliyembeba mgongoni, adabu anayo yote, haya hana hata chembe. Nikamwuliza, "Ikbal, dada yako yuko wapi?" Akainamisha kichwa. Nikamwuliza tena. Akasema, "Dada Mwanaidi, anayenunua ananunua jina. Jina halijafa."

"Jina lina mwenyewe, na mwenyewe yuko kaburini."

"Mama anakula nini mimi nikiandika kaburini? Dawa zake nanunua na nini? Nipe mpaka Idd, nitalimaliza taratibu." Nikatupa macho nyuma yake. Shirin, nyuma yake zilikuwa ndoo. Zile ndoo za plastiki, zile nyekundu. Na pembeni chupa zetu, zina karatasi yenye jina lako, zinangoja kujazwa. Ndiyo maana hakuja tena Nguvumali kuchukua mzigo. Mimi nikadhani ni heshima ya msiba.

Paswedi alikuwa nayo kwa sababu wewe ulimpa, ili akutengenezee kompyuta ikigoma. Mimi hukunipa. Ulisema nitaisahau.

Nikarudi kafe. Nikaandika kwa vidole viwili, herufi moja naitafuta kama sindano: "Shirin amefariki tangu Rajabu. Mimi Mwanaidi, mwenzake katika kazi hii. Mwombeeni." Kesho yake nikaenda kutazama. Wateja wetu, watu niliowafungia chupa kwa mikono hii, wamenijibu. "Wewe nani?" "Husuda mbaya, dada." "Hatujawahi kusikia jina hilo." Mmoja wa Maskati, ambaye chupa yake ilivunjika njiani nikamtumia nyingine bure, aliandika kwamba nina jini.

Keshokutwa yake maneno yangu yalikuwa yamefutwa, na wewe umejibu. Umesema kuna watu wamekuzushia kifo, lakini hujali, maana dua la kuku halimpati mwewe.

Kuku ni mimi.

Sijui kama ningefanya lolote zaidi. Nilisema moyoni, basi, ukoo wenu mtajuana. Wa Tanga walijua umekufa, walikuja kukuzika, lakini wa Tanga hawasomi blogu, na waliosikia habari walitikisa kichwa wakasema biashara ndivyo ilivyo siku hizi. Hata imamu nilimfuata. Akasema atazungumza na kijana. Kama alizungumza, sikuona athari yake.

Kisha Idd ikaja, na wewe ukawapa watu mkono wa Idd. Na chini yake nikaona yule binti wa Dar, mtoto wa mteja wetu Bi. Mgeni, ameandika: "Dada Shirin, mama yuko Mkwaja na macho sasa hayaoni kabisa. Kila ukiandika namsomea kwa simu. Anauliza ile ahadi yako ya kwenda kumwona." Hiyo ahadi uliitoa wewe, ukiwa hai, naikumbuka. Ulisema huyo bibi anastahili kupelekewa chupa kwa mkono. Na Ikbal akajibu: "Mwambie bibi mwezi ujao inshallah. Aniwekee madafu."

Aniwekee madafu!

Kukaa nikashindwa. Nilipanda gari hadi Pangani, nikavuka mto kwa pantoni, nikangoja lori la mizigo linalokwenda kusini, nikakaa juu ya magunia mpaka Mkwaja. Nilibeba chupa moja ya ndimu, ya kwangu, ya kweli. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Kijana wa dukani akanionyesha nyumba.

Nikapiga hodi. Ndani sauti ikaitika, "Karibu! Shirin huyo?"

Maneno yote niliyoyapanga yakaniruka. Nilisimama pale mlangoni kama mwizi. Bi. Mgeni alikuwa ameketi kwenye mkeka, kanga mpya, na pembeni madafu matatu yamepangwa. Kuku amefungwa mguu kwenye nguzo. Nikasema, "Shikamoo, bibi. Mimi siye."

"Marahaba. Siye, nani basi?"

"Mwanaidi. Nilikuwa nikizipika hizo achari naye."

Nikamwambia. Sikupamba maneno. Aliniuliza alikufa lini, nikasema Rajabu. Aliniuliza nani alimwosha, nikasema mimi. Akanyoosha mkono akaitafuta mikono yangu, akaishika. Kisha akaanza kutaja miezi polepole. Rajabu. Shaabani. Ramadhani. Alipofika Mfunguo Mosi, mwezi wa Idd, akaiachia mikono yangu, akaupiga mkeka kwa kofi.

"Ramadhani nzima," akasema, "kila nikishika tasbihi namwombea afya. Niliambiwa ana mafua, nikamwombea apone mafua. Maiti! Ningemwombea rehema. Ningemwombea kaburi lake lipanuliwe. Nani aliyezila dua zangu?"

Shirin, nilikuwa na hasira ya biashara, hasira ya jina langu, hasira ya ndoo nyekundu. Ile ya yule bibi ilizipita zote. Mimi sikuwahi kufikiri hivyo. Watu wangapi wa blogu yako walikupenda, na hakuna hata mmoja aliyekuombea rehema, kwa sababu mdogo wako anawaambia uko dukani unajaza chupa. Ulilala kaburini Ramadhani nzima, mwezi ambao kila maiti anakumbukwa, na wao wanakutakia swaumu njema.

Baadaye, tulipokwisha kula, aliniuliza jambo. "Lile tofali la foleni, lenye alama ya mkaa. Lilikuwa lake?"

"Lilikuwa langu, bibi."

"Haya," akasema. "Aliyeliandika aliandika vizuri, lakini nilijua lina mtu mwingine ndani." Akafungua chupa yangu, akanusa, akatia kidole, akafunga macho yake yasiyoona. Akatia kidole tena.

Niliporudi Tanga sikupitia nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja dukani na vumbi la lori mwilini. Kulikuwa na mteja, nikangoja aondoke, kwa sababu bado namstahi mama yako. Kisha nikamweleza Ikbal neno la Bi. Mgeni, kama alivyolisema, bila kuongeza. Nani aliyezila dua zangu. Ikbal akachukua kitambaa akaanza kufuta chupa ambayo haikuwa na vumbi. Akaifuta, akaifuta. Nikamwambia, "Mimi sitaki jina, sitaki duka, sitaki sehemu yangu. Waambie watu wamwombee dada yako." Hakuniinulia macho. Nikaondoka.

Ijumaa hii ameandika.

Nimeisoma kafe nikiwa nimesimama. "Kwa huzuni kubwa tunawatangazia kifo cha mpendwa wetu Shirin, kilichotokea ghafla juzi Jumatano." Juzi Jumatano, Shirin! Mfunguo Pili tunaumaliza, na wewe umekufa Jumatano! Ameogopa kukubali uongo, akakuua upya ili akuzike vizuri. Nilimtukana pale pale, na mwenye kafe akaniomba nipunguze sauti. Nikavuta kiti. Nilikuwa tayari kuandika. Vidole viwili vinanitosha, na safari hii nilikuwa na shahidi wa Mkwaja, na nilikuwa na shangazi yako, na nilikuwa na mwosha maiti wa Makorora kama ikibidi.

Ndipo nikateremka chini nikasoma walichoandika watu.

Shirin, walikuwa wamejaa. Allah amrehemu. Allah ampe kauli thabiti. Allah ailaze roho yake peponi. Mmoja wa Arusha amesema amekusomea Yasin, wewe usiyemjua hata sura. Yule wa Maskati, wa jini, amesema ametoa sadaka kwa nia yako. Wengine hawakuwa hata Waislamu, wamekuombea kwa namna yao, na wameomba samahani kama wamekosea maneno. Niliteremka, nikateremka, ukurasa hauishi. Nikiandika mimi pale kwamba tarehe ni ya uongo, nilijua kitakachofuata. Wangegeuka wote kumtazama Ikbal. Ungeanza ugomvi, fulani mwongo, fulani mnafiki, rudisheni fedha zetu, na dua zingekatika hapo hapo.

Binti wa Bi. Mgeni, niliyemwachia mama yake namba yangu, akanipigia simu jioni yake. Akasema, "Dada Mwanaidi, mama anauliza, niseme ukweli humo au ninyamaze?" Nikamwambia anyamaze.

Nimeuacha uongo huu usimame, na umenikaa kama mwiba wa samaki. Usidhani nimefanya kwa ajili ya Ikbal, wala kwa ajili ya mama yako, ingawa dawa zake nitamsaidia kadiri ya uwezo wangu. Nimefanya kwa ajili yako, wewe uliyeninyima jina. Sasa tafakari hilo huko uliko, maana nafasi unayo.

Ninayokuahidi ni haya. Khitma yako nitaisoma kila mwaka mwezi wa Rajabu, siku yako ya kweli, na kama Ikbal atasoma yake ya Jumatano basi utapata mbili, hasara haipo. Na juma lijalo ninaanza kuandika yangu. Mwenye kafe atanifungulia ukurasa, na paswedi nitaiweka mwenyewe, na sitaisahau. Nitaandika mama yangu na ndimu zake kwa jina lake. Nitaandika msichana aliyekuwa ndani ya duka tupu, akinitolea ulimi dirishani, aliyekuja kuandika vizuri kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua. Nitasema jina lake. Mimi sitamnyima mtu jina.

Lala salama, shoga yangu. Mungu akurehemu, akusamehe, akutandikie nuru. Haya nimeyaomba kwa moyo wote, na bado nimekukasirikia kwa moyo wote. Yote mawili yamenienea.

Kuhusu Ikbal usiniombe lolote. Jana amenipa shikamoo barabarani, nikaipokea kwa sababu ni salamu. Zaidi ya hapo sijafika.

Mwenzio,
Mwanaidi
Nguvumali, Tanga